Kung'oa visiki kiwanjani kabla ya kuchimba msingi

Kiwanja cha Mkuranga, Kibaha au Kigamboni mara nyingi ni shamba la jana: minazi kadhaa, mikorosho, mwembe mmoja mkubwa na mwarobaini mpakani. Mwenye kiwanja humwita mtu wa chenso, miti inakatwa usawa wa ardhi, kuni zinapakiwa, na eneo linaonekana safi. Kumbe hapo ndipo kazi inapoharibika. Shina ndilo wenzo wa kung'olea. Liache lisimame mita moja hadi moja na nusu, ili ukifunga kamba juu yake na kuvuta, kisiki kiyumbe na kuonyesha ni mzizi upi bado umekishika. Kilichokatwa usawa wa ardhi hakina pa kushika, na itakubidi uchimbe mpaka upite chini yake.

Kama mti una pa kuangukia, mbali na ukuta, nyumba ya jirani na nyaya za umeme, ni bora zaidi kutoukata kabisa mwanzoni. Punguza matawi, kata mizizi, kisha uvute kwa kamba ndefu kuelekea unakotaka. Uzito wa mti wenyewe utanyanyua kisiki. Kibali ulizia kwanza ofisi ya mtaa, na jua bomba la maji na waya wa ardhini vinapita wapi kabla sururu haijainuliwa.

Mnazi ndio rahisi. Hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi myembamba inayotoka kwenye kitako, na ukishaukata hauchipui tena. Chimba mtaro kuuzunguka, sentimita 50 kutoka shinani na kina cha sentimita 60, kata mizizi kwa shoka au mtaimbo wenye ncha bapa, kisha vuta. Ila usiache magogo na vitako vyake vioze pembeni, kwa sababu chonga, mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, hutaga humo, na wakishakomaa huruka kwenda kutoboa minazi ya majirani.

Mwembe na mkorosho ni kazi nyingine kabisa. Mzizi mkuu unashuka, na ya pembeni inatambaa kupita kivuli cha matawi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 60 za juu. Mwagia maji jioni ya kuamkia kazi kama udongo umekauka. Mtaro uanze mita moja kutoka shinani, uwe na upana unaomtosha mtu kugeuka na sururu, na kina cha sentimita 80 hadi mita moja. Kila mzizi mnene ukatwe mara mbili, ukuta wa ndani wa mtaro na ukuta wa nje, ili kipande kitoke kabisa. Ukikatwa mara moja tu unabaki njiani na kuzuia beleshi. Mzizi mkuu hutauona kwa juu. Chimba upande mmoja kuingia chini ya kisiki mpaka uufikie, na aliye shimoni atoke kabla kisiki hakijaanza kuegemea. Shoka ndilo la kutumia humo. Chenso ikigusa mchanga meno yake huwa butu mara moja, na utalipia cheni mpya. Utomvu wa mwembe huwasha ngozi, kwa hiyo vibarua wavae mikono mirefu.

Ukivuta kwa winchi ya waya, usiifunge kwenye mti mdogo kuliko kisiki, tupia gunia zito juu ya waya, na asisimame mtu kwenye usawa wake. Waya ukikatika hurudi kwa kasi ya kuvunja mguu. Katapila humaliza visiki vingi kwa siku moja, lakini dereva akiachiwa atachimbua shimo kubwa kuliko linalohitajika, na shimo hilo ni gharama yako.

Wengi hupenda kuchoma. Moto hula kisiki na kuacha mizizi chini, na unaweza kutambaa ardhini ukifuata mzizi na kuibukia kwingine. Chumvi ni mbaya zaidi mahali pa kujenga, maana inabaki ardhini na kula nondo. Oili chafu inachafua udongo tu.

Mwarobaini, mjohoro, mlusina na mkaratusi huchipua. Kama kisiki kiko mpakani na hakiwezi kung'olewa bila kuangusha ukuta, kata upya na upake dawa ya glaifoseti papo hapo, dakika chache tu baada ya kukata, kwenye duara la nje karibu na gome. Katikati ya kisiki ni mbao iliyokufa, haipeleki dawa popote. Soma lebo kwa kipimo.

Sasa shimo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopasua nyumba nyingi kuliko kisiki chenyewe. Shimo la upana wa mita 2 na kina cha mita 1 ni zaidi ya mita 3 za ujazo. Udongo hupungua ukishindiliwa, hivyo andaa kama mita 4 za ujazo za kifusi kilicholegea, yaani toroli zaidi ya 60. Fundi anayekuambia atalijaza kwa udongo uleule uliotoka, wenye majani na vipande vya mizizi, anakuachia ufa. Chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila moja iwe na unyevu na ishindiliwe kwa mashine kabla ya inayofuata. Chini ya mtaro wa msingi usijaze udongo kabisa: shuka mpaka ardhi ngumu ambayo haijaguswa, kisha panda kwa zege jepesi la 1:4:8 (saruji, mchanga, kokoto) au ushushe msingi kwa ngazi.

Mizizi yenye unene wa kuzidi sentimita 2 ifuate mpaka nje ya mstari wa nyumba, mita moja zaidi ukiweza. Ikioza huacha mapango, na kabla ya hapo mchwa wanaila. Mzizi ukiisha wanapanda kutafuta fremu za milango na kenchi. Dawa ya mchwa ipigwe baada ya kushindilia, kabla ya nailoni na zege. Nyingi hutaka lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa mita moja ya mraba, na mvua ikinyesha juu yake kabla ya zege inabidi kurudia.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi kuna jambo jingine. Mti mkubwa hunyonya maji na kuukausha. Ukiuondoa, udongo unarudisha unyevu na kuvimba, ukinyanyua sakafu. Hapo ng'oa mapema na uache masika ipite kabla ya kujenga.

Bustani haihitaji ukali huo. Kwa nyasi inatosha kuondoa kisiki na mizizi hadi sentimita 40, na udongo uliorudishwa uachwe na tuta dogo juu kwani utatitia. Maranda ya mbao usiyachanganye na udongo. Vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni, na nyasi huwa za njano. Yatandaze juu, kuzunguka miti mipya, bila kugusa shina.