Kinango: Safari ya kurekodi pesa isiyoshikika

Tuliiacha barabara kuu ya Nairobi tukashika njia ya Kinango, kaunti ya Kwale. Minazi ikapungua, tukaanza kuona mibuyu, vichaka vya miiba na bodaboda zilizosheheni mitungi ya maji.

Tulikwenda kurekodi filamu fupi kuhusu Sarafu, pesa ya kijamii inayozunguka baina ya wanavikundi wenyewe. Mtayarishaji wetu alikuwa ameshajichorea kichwani noti zikipita mkono hadi mkono. Noti angezipata Bangladesh, mtaa wa Mombasa, enzi ya Bangla-Pesa, pesa ya kijamii ya karatasi iliyozinduliwa Mei 2013. Wahusika wake walikamatwa wakashtakiwa kwa sababu ya noti hizo, na mashtaka yakafutwa Agosti mwaka huohuo. Kinango tulikuta Sarafu ziko kwenye simu, na hata kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, inatosha. Sasa salio utalipigaje picha?

Penye mashine ya kusaga tukapata afueni. Mama mmoja alitua ndoo yake ya mahindi, akaikinga simu na jua kwa ncha ya leso, akabonyeza. Simu ya msagaji ikalia mfukoni; akafuta unga kwenye kioo kwa kidole gumba ndipo asome.

"Nusu napokea Sarafu, nusu shilingi," akatuambia. "Dizeli haijui Sarafu, mwanangu."

Mtayarishaji akataka turudie bila maneno hayo. Nilikataa katakata, maana kisa chenyewe ndicho hicho. Kiangazi kikikaza, shilingi huadimika kijijini, ilhali mahindi, ufundi na nguvu za watu vipo. Sarafu huviwezesha vibadilishane. Ila kinachotoka nje ya kijiji bado chadai shilingi.

Kesho yake tuliamkia mweria, utaratibu wa Wamijikenda wa kulimiana kwa zamu, mkongwe kuliko hata shilingi. Akina mama walichimba mitaro ya kuzuia maji ya mvua yasikimbie na udongo, huku wakiimba na kutaniana kwa Kiduruma. Hakuna aliyeandika deni popote, na kila mmoja alijua zamu ijayo ni shamba la nani. Hapo niliiacha kamera irekodi bila kukata.

Wakamwona fundi wetu wa sauti amesimama na maikrofoni yake, wakamkabidhi jembe. Alijitetea kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Wakacheka, wakamwonyesha pa kuanzia, na mtaro wake ukatoka umepinda kama nyoka.