Mialoni Myeusi Chini ya Mashamba ya Fens

Ukitoka mji wa Ely, Uingereza, kwenda kaskazini kwa barabara ya A10, utafika mahali ambapo mto uko juu ya shamba. Barabara inapita chini, kando yake kuna tuta refu la udongo, na nyuma ya tuta, juu ya usawa wa viazi na ngano, mto Great Ouse unatiririka. Shemeji yangu, aliyekuwa kwenye usukani, alipunguza mwendo. "Shemeji, tuta hili likipasuka watu wa hapa wanakimbilia wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Hii ni nchi ya Fens, mashariki mwa Uingereza. Ilikuwa kinamasi kitupu mpaka karne ya 17, Mholanzi Cornelius Vermuyden alipoajiriwa kuchimba mifereji ya kuyaondoa maji. Maji yalipoondoka, udongo mweusi wa mboji ukaanza kukauka, kusinyaa na kupeperushwa na upepo. Huko Holme Fen kuna nguzo ya chuma iliyozikwa mwaka 1851, kichwa chake kikiwa sawa na ardhi. Leo imetokeza kama mita 4. Nguzo iko palepale, ila ardhi imeshuka. Na kadiri ardhi inavyoshuka, plau za wakulima zinazidi kugonga miti iliyolala huko chini.

Miti hiyo ndiyo iliyonitoa London. Mimi ni mchongaji, kazi nilijifunzia Mwenge, Dar es Salaam, na mkono wangu umezoea mpingo. Huku mpingo ni ghali, na kusema kweli roho inaniuma kuona mti unaochukua miongo mingi kukomaa ukiishia kuwa vipini vya visu vya watu walio mbali nao. Nilitaka mti mweusi wa hapahapa.

Zamani hapa palikuwa na msitu wa mialoni (oak) mirefu. Bahari ilipopanda, miaka elfu kadhaa iliyopita, mito ikakosa pa kumwaga maji, bonde likafurika, miti ikafa na kuanguka, na mboji ikaifunika. Humo ndani hewa haifiki, kwa hiyo kuvu wa kuozesha hawakuweza kufanya kazi yao. Tanini ya mwaloni, ile kemikali chungu iliyomo ndani ya mti, ikakutana na chuma kilichomo majini, na ubao ukageuka rangi kidogokidogo, kuanzia kahawia mpaka weusi uliofika kwenye kiini.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumepita kwanza kwenye kanisa kuu la Ely kuiona meza ya mwaloni mweusi iliyokuwa ikionyeshwa humo wakati huo. Gogo lake lilipatikana mwaka 2012 shambani Methwold Hythe, Norfolk, lenye urefu wa zaidi ya mita 13 na umri wa miaka 5,000 hivi. Wangeweza kulikatakata kwa urahisi wa kubeba. Badala yake walilipasua lilivyo, kwa urefu wake wote, wakazikausha mbao polepole, wakaziunga ubavu kwa ubavu kuwa meza moja. Nilipitisha kiganja juu yake nikanyamaza. Fundi akiona ubao wa urefu ule usio na kiungo, anajua ni uvumilivu wa kiasi gani umewekwa pale.

Kwenye shamba tulilokaribishwa, upande wa Southery, gogo lilikuwa limeburutwa kwa trekta hadi pembeni. Ganda na ubao mweupe wa nje vilikuwa vimekwisha zamani. Niliukwaruza upande uliokuwa bado kwenye tope: safu ya juu ilikuwa laini kama sabuni iliyosahauliwa majini, kisha kisu kikagota kwenye ugumu. Upande uliopigwa na upepo ulikuwa umeshapasukapasuka kama vigae, nyufa zinazoingiza kidole. Ndiyo hatari ya mti huu. Umekaa salama maelfu ya miaka kwa sababu ya maji, na ukitolewa tu unaanza kuharibika. Inabidi upasuliwe ungali mbichi, mbao zipangwe kwa vijiti katikati, kisha zikaushwe taratibu kwenye tanuri. Mkulima asiye na nafasi ya hayo yote huyachoma moto magogo yake, na simlaumu, maana ana mazao ya kuvuna. Lakini inauma.

Kwa anayetaka kununua: chukua ubao uliokwisha kaushwa, na uje na kipima unyevu chako. Kwa kazi ya ndani ya nyumba, unyevu uwe kati ya asilimia 8 na 12. Halafu omba kukata ncha. Mwaloni wa kawaida ukipakwa siki iliyolowekwa misumari ya chuma huwa mweusi pia, kwa kemia ileile ya tanini na chuma, lakini weusi huo ni wa juujuu. Ukikatwa, ndani unakuta rangi ya kawaida.

Mbao ndefu niliziacha. Hizo ni za mtu atakayetengeneza mlango au meza. Nilichukua vipande vya mwisho, vifupi, vingine na ufa, ambavyo vinatosha kwa vipini na mapambo ya kuchomeka kwenye vifuniko vya masanduku. Si mzito kama mpingo, vinyweleo vyake ni wazi zaidi, na patasi inaisha makali upesi, kwa hiyo jiwe la kunolea liwe karibu. Ila ukipasuliwa kuelekea kiini, randa kali inafunua vile vimiali vya mwaloni, yaani mistari inayotoka kwenye kiini kuelekea ganda, vinang'aa ndani ya weusi. Nta nyembamba inatosha.