Fundi hakupunguziwa

Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, kule Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wanawake. Nyufa zilionekana siku moja kabla, lakini wakaamriwa warudi kazini. Habari hizo nilizisoma miaka mingi baadaye, nikaenda kabatini kusoma lebo za nguo zangu. Blauzi tatu zilitoka Bangladesh.

Nikaapa kwamba nguo ya jasho la namna ile sinunui tena. Kiapo kilidumu mpaka nilipoingia duka moja huku Dar linalojinadi kwamba mshonaji wake analipwa vizuri. Gauni la pamba, shilingi 180,000. Nililirudisha kwenye henga taratibu kama nimebeba yai. Fungu langu la nguo ni 40,000 kwa mwezi, na mwezi wa ada ya shule halipo kabisa.

Basi nikaenda soko la mitumba la Karume kama watu wote. Nguo ya mtumba imeshashonwa, hela yangu haimfikii mwenye kiwanda. Ila na mtumba una kesi yake. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuupunguza hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, sisi na wenzetu tukalegea, Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Sisi pamba tunalima Simiyu na Shinyanga, nyingi inauzwa nje ikiwa ghafi, kisha tunagombania mashati yaliyovaliwa na wengine. Niliyawaza yote haya mkono ukiwa umeshashika sketi mbili za 3,000. Na mama aliyeniuzia anasomesha kwa meza ile ile. Nimkomoe nani sasa?

Nikaona nigawe. Za kazini na za kushindia, mtumba. Za ndani mpya. Mtumba wake umepigwa marufuku hata hivyo. Kila miezi mitatu nashonesha gauni moja, basi. Kitenge nakipima kwa kuchomoa uzi pembeni na kuuchoma: pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu. Muuzaji mmoja alinifukuza kwa kiberiti changu, sikumlaumu.

Kilichonishinda kilikuwa kwa fundi. Alitaja 20,000, nikaanza kama tulivyozoea, "Fundi, mimi si mteja wako jamani," tukashuka mpaka 13,000. Njiani ndani ya daladala ikanichoma. Ninayewalilia washonaji wa Dhaka nisiowajua nimemkata 7,000 mshonaji wa mtaani kwangu, ambaye hata mtoto wake namfahamu kwa jina. Duka lile nililiona ghali, kumbe ghali yenyewe ndiyo hiyo: malipo ya mtu.

Safari iliyofuata akataja 20,000, nikampa 20,000. Akazihesabu mara mbili.

"Dada, leo kwema kweli?"

"Kwema, fundi. Lini nije kuchukua?"

"Ijumaa."

Nililipata baada ya Ijumaa tatu, na mwezi ule sikununua kingine chochote. Limekaa mwilini vizuri mno.