Nilivyoifunga intaneti ya kwenye soketi katika nyumba yenye wapangaji

Nyumba yangu ya Ipagala, Dodoma, ina vyumba vya kupangisha uani, na wote tunatumia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Wenye nyumba za namna hii wanaujua ugomvi wake: nani anapiga pasi kila asubuhi, nani kaficha jiko la umeme uvunguni. Mimi nyaya hizo za umeme wa pamoja ziliniletea swali jingine. Nilitaka kamera getini, Wi-Fi ya sebuleni ilikuwa haifiki kwa sababu ya kuta za tofali za saruji, na uwanja nilishaujaza pevingi, sikuwa na hamu ya kuufumua ili nipitishe waya. Nikanunua adapta za pawalaini, zile zinazochomekwa kwenye soketi na kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme. Moja ikae kando ya ruta, nyingine kwenye kibanda cha mlinzi.

Sasa kama intaneti inapita kwenye waya, na waya huohuo unaingia chumbani kwa mpangaji, ni kitu gani kinamzuia asiipate?

Muuzaji alisema "hakuna shida", jibu ambalo dukani huwa wanalo kwa kila swali. Kwa hiyo kabla ya kufunga kamera nilichukua adapta ya tatu, mpya, ya aina ileile, nikaichomeka kwenye chumba cha uani kilichokuwa hakina mtu, nikaunganisha laptop. Intaneti ikaja bila kuniuliza chochote. Adapta nyingi za kiwango cha HomePlug AV, kama zangu, hutoka kiwandani zikiwa na neno la siri moja, HomePlugAV, ndiyo maana zinatambuana zenyewe. Data husimbwa kweli, yaani hugeuzwa fumbo, kwa mbinu ya AES ya biti 128, lakini ufunguo wa kulifumbua unatokana na neno hilohilo, na unao kila aliyenunua boksi kama lako.

Nikavuka ukuta kwa jirani.

"Baba Neema, naomba soketi moja, dakika chache tu."

"Karibu, ila usinimalizie yuniti!"

Kwake taa ya adapta iliwaka kwa kusuasua, mawasiliano yakawa hafifu sana, lakini yalikuwepo. Mita hupunguza mawimbi haya, haiyakatishi yote. Kinachoyazuia zaidi ni transfoma, na mimi na Baba Neema tuko kwenye transfoma moja.

Kuweka ufunguo wangu hakukuwa na ugumu. Unabonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye adapta ya kwanza, kisha ndani ya dakika mbili unabonyeza cha ya pili, zinajitengenezea ufunguo mpya wa kwao wawili. Mimi nilitumia programu ya kwenye laptop, nikaandika neno refu la kwangu. Niliporudi uani na ile adapta ya tatu, haikupata kitu. Mawimbi bado yalikuwa yanafika kwenye ile soketi, ila kwake yalikuwa kelele tupu.

LUKU yenyewe inakwenda hivyohivyo. Kwa wenye mita iliyo juu ya nguzo, kile kidude cha kubonyezea tokeni ndani ya nyumba kwa aina nyingi huongea na mita kupitia nyaya za umeme. Hata hivyo tokeni yako ya tarakimu 20 jirani akiibonyeza kwake inakataa, kwa kuwa imesimbwa kwa ufunguo wa mita yako. Zile tokeni za ziada tulizohangaika nazo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 kazi yake ilikuwa kubadili ufunguo huo.

Kilichonisumbua zaidi ni kitufe. Mtu akiifikia adapta kwa mkono, anabonyeza, anaunganisha ya kwake, na neno refu halisaidii tena. Au hahangaiki hata na hilo: anachomoa waya wa kamera na kuchomeka laptop, maana usimbaji uko kwenye nyaya za umeme tu, ukishatoka kwenye adapta umekwisha. Adapta ya kibandani nikaifungia ndani ya boksi la chuma lenye matundu ya hewa na kufuli. Kwenye ruta, kamera nikaitenga na mtandao wa nyumbani, kisha nikabadili neno la siri lililokuja na kamera. Stika za mgongoni mwa adapta nilizipiga picha nikazibandua, kwa kuwa zina neno la siri la kifaa linaloweza kutumika kubadilisha ufunguo kwa mbali.

Shemeji yangu aliporudi kutoka Uingereza alinizawadia boksi la swichi za X10, za kuwasha na kuzima vitu kwa amri zinazopita kwenye nyaya za umeme. Teknolojia hiyo ilibuniwa Scotland mwaka 1975, na inatuma milio mifupi ya kilohezi 120 pale volteji ya umeme inapopita sifuri. Kuna herufi 16 za nyumba na namba 16 za vifaa, jumla anwani 256, basi. Ufunguo hakuna kabisa. Anayetuma "A1 zima" kwenye waya huo anatiiwa, awe mwenye nyumba au mgeni aliyechomeka kwenye soketi ya barazani. Mwaka 2011 kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi huko Las Vegas, watafiti walionyesha vifaa vya kusikiliza na kuvuruga X10 kupitia soketi. Nilizikubali kwa taa za baraza tu. Shemeji alitaka tuziunganishe na pampu ya simtanki na geti la umeme, nikamwambia pampu ibaki na swichi yake ukutani, na geti tusiligusie.

Baadaye vijana wa UDOM walioko uani wakaja: "Mzee, na sisi hatuwezi kuchangia intaneti?" Niliwafungia jozi nyingine yenye ufunguo wake, ikiingia kwenye ruta upande wa wageni. Jozi mbili zinagawana waya mmoja, hivyo kasi imepungua, na mtu akiwasha chaja fulani za bei poa inashuka zaidi. Nimewaagiza pia wachomeke adapta ukutani moja kwa moja, kwa sababu ekstensheni zenye kinga ya umeme na friji gadi humeza mawimbi. Mmoja wao anahama Julai. Siku atakayotoa mizigo nitabadili ufunguo wa jozi yao. Ule wa kamera hawajawahi kuwa nao.