Usiku wa Madume, Raymond Island

Nilipokuwa nasoma Melbourne, shemeji yangu aliyekwisha kuzoea Australia aliapa kwamba Januari haitapita sijaona koala wa porini, yule mnyama wa manyoya anayeishi mitini. Tukashika njia ya mashariki hadi Paynesville, tukavuka kwa pantoni kwenda Raymond Island. Aliyezoea pantoni la Kigamboni atacheka: hujatulia, umefika.

Joto lilikuwa la kuunguza. Koala wa kwanza tulimkuta tawi la chini, kalala kifudifudi, miguu inaning'inia, tumbo limegandamana na shina.

"Shemeji, huyu mzima kweli?"

"Mzima. Anajipoza. Shina huwa na ubaridi kuliko hewa."

Kumbe siku za jua kali huhamia hata miti asiyokula majani yake, ilimradi apate shina la baridi.

Mimi ni mtu wa Mufindi. Mikaratusi kwetu ni ya nguzo za umeme, na majani yake tunayachemsha kujifukiza mafua yakitubana. Mbuzi hawayagusi. Huyu ndiyo mboga yake na ndiyo ugali wake, na maji mengi anayohitaji anayapata humohumo. Jioni jua lilipolegea tulimwona mmoja akila karibu kabisa nasi: anavuta kitawi, ananusa jani, analiacha, anavuta kingine, ananusa tena, ndipo anatafuna. Majani yale yana sumu, na inatofautiana kati ya mti na mti, kwa hiyo pua ndiyo inayoamua. Sumu iliyobaki ini linaishughulikia, kisha kuna utumbo kipofu wa karibu mita 2 wa kuchachusha makapi. Lishe inayopatikana ni kiduchu, ndiyo maana analala hadi saa 20 kwa siku. Wale wanaosema amelewa mikaratusi wanamsingizia.

Juu yake alikuwapo jike na mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa kumchosha mama. Huzaliwa na urefu wa sentimita 2 hivi, akakaa kwenye mfuko wa tumboni mwa mama miezi kama 6. Kabla ya kuanza majani, mama humlisha kinyesi laini maalumu chenye vijidudu vya kumeng'enya mikaratusi. Shemeji alinieleza hayo nikiwa na sambusa mkononi. Niliimaliza, lakini kwa shida.

Giza lilipoingia nikasikia ngurumo. Nilidhani ni nguruwe dume, tena mkubwa: anavuta pumzi kwa kukoroma, anaitoa kwa kubweka, tena na tena. Mnyama wa kilo kumi na kidogo! Wanasayansi wamegundua ana nyuzi za sauti za ziada, nje ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni), ndizo zinazompa besi ile. Mwingine akamjibu upande wa pili wa barabara. Kisha dume wa kwanza akashuka kinyumenyume, akatembea ardhini kwa mwendo wa kuchechemea, akafika kwenye mti wa yule jike. Kabla ya kupanda alisugua kifua shinani. Tulipomulika tochi baadaye tuliona doa la mafuta ya kahawia, na harufu yake kali ilitufikia tuliposimama.

Huko juu ikawa vita. Jike alipiga mayowe, akauma, akapanda matawi membamba na mtoto wake. Dume akamfuata hadi tawi likaanza kupinda. Matawi makavu yalitudondokea. Ndiye huyo huyo wanayemshonea watoto midoli!

Mzee mmoja akatoka nyumba ya jirani na kaptula ya kulalia. Alituambia koala hawa si wa asili ya kisiwa. Waliletwa mwaka 1953, wakazaliana. Huko Queensland na New South Wales hali ni nyingine kabisa, maana tangu 2022 wamo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

"Na kelele hizi?" nikamuuliza.

"Kiangazi chote," akasema, akarudi ndani kufunga madirisha.

Shemeji alitaka tuwahi pantoni. Nikamwomba tungoje kidogo, kwa sababu dume alikuwa ameshindwa na anashuka, na yule wa ng'ambo ya barabara alikuwa anakuja.