Raia: Neno Lililobadili Maana

Neno "raia" limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni watu walio chini ya mtawala, wanaochungwa kama kundi. Leo tunamwita raia mtu mwenye haki katika nchi yake na mwenye kauli juu ya namna inavyotawaliwa. Kila nikitafakari safari ya neno hili, fikra zangu hurejea Ufaransa ya mwaka 1789.

Tarehe 26 Agosti mwaka huo, Bunge la Taifa lilipitisha Tamko la Haki za Binadamu na za Raia, likatangaza kwamba chimbuko la mamlaka yote ni taifa. Miaka mitatu baadaye, sheria ya Septemba 1792 iliondoa daftari za vizazi, ndoa na vifo mikononi mwa mapadri na kuzikabidhi kwa manispaa. Kwangu mimi, badiliko hilo dogo ni zito kuliko hotuba nyingi, kwani tangu hapo mtoto alitambuliwa na nchi kabla ya kuulizwa dini yake.

Hata hivyo, waliotoa ahadi hiyo ya haki za raia waliiogopa. Katiba ya 1791 ilimpa kura mwanamume aliyetimiza miaka 25 na kulipa kodi isiyopungua ujira wa siku tatu, huku watumishi wa nyumbani na wanawake wote wakiachwa nje. Olympe de Gouges, mwandishi mwanamke wa Ufaransa, aliandika mwaka huohuo kwamba ikiwa mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kuuawa, basi ana haki pia ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba 1793 alipandishwa lile la kwanza, akakatwa kichwa. Wanawake wa Ufaransa walipata haki ya kupiga kura mwaka 1944.

Walioichukua ahadi ile kwa uzito wake wote, naamini, ni watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi, walioasi Agosti 1791, wakalishinda jeshi ambalo Napoleon alilituma kuwarudisha chini ya himaya yake, na mwaka 1804 wakaitangaza Haiti kuwa huru. Katiba yao ya 1805 ilikomesha utumwa milele na kuagiza kwamba Wahaiti wote, wa rangi yoyote, waitwe weusi. Miongoni mwao walikuwamo Wapolandi waliopewa uraia, ambao baadhi yao walikuwa wamefika kisiwani wakiwa askari wa Napoleon.