Baada ya Joho, Mtihani wa Leseni

Shahada ya uuguzi ninayo, lakini haijaniruhusu kumpa mgonjwa hata kidonge kimoja kwa saini yangu mwenyewe. Kati ya mahafali na kazi upo mtihani wa leseni, na kwa sisi tunaoomba usajili nchini Marekani mtihani huo ni NCLEX-RN, unaoandaliwa na NCSBN, chombo kinachoyaunganisha mabodi ya uuguzi ya majimbo. Nimekuwa nikijiandaa tangu nilipopata kibali cha kuufanya, na kadiri siku zinavyosonga ndivyo ninavyozidi kuona kwamba uzito wake uko katika kuchagua kuliko katika kukumbuka.

Chuoni niliulizwa dalili za upungufu wa kalsiamu, nikazitaja, nikapewa alama zangu. Swali la leseni huniletea wagonjwa wanne kwa mkupuo mmoja na kunitaka niseme nitamwendea nani kwanza. Wa kwanza ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na kiwango chake cha oksijeni ni asilimia 90. Wa pili ana maumivu makali ya kidonda siku moja baada ya kufanyiwa upasuaji. Wa tatu ana kisukari na kipimo chake kabla ya chakula ni miligramu 200 kwa desilita. Wa nne aliondolewa tezi ya thairoidi jana, na sasa anasema anahisi ganzi na kuchomwachomwa kuzunguka midomo. Jicho hukimbilia ile asilimia 90, ilhali kwa mtu mwenye ugonjwa huo kiwango cha kati ya 88 na 92 ndicho kinachotarajiwa. Mgonjwa wa kuendewa ni wa nne, aliyelalamika kwa sauti ya chini kuliko wote, kwa sababu ganzi hiyo inaashiria kwamba kalsiamu inashuka, huenda kwa kuwa tezi ndogo zilizo nyuma ya thairoidi zilijeruhiwa wakati wa upasuaji, na ikiendelea kushuka misuli ya koo inaweza kukaza na kuziba pumzi. Maarifa yote yanayohitajika hapo niliyapata darasani. Kilichokuwa kigeni kwangu ni kuyapima yakiwa yanashindana.

Namna mtihani wenyewe unavyoendeshwa nayo inahitaji kuzoewa. Tangu mwaka 1994 unafanywa kwa kompyuta, na programu hukadiria uwezo wa mtahiniwa baada ya kila jibu, kisha humchagulia swali ambalo uwezekano wake wa kulipata unakaribia nusu. Mwenye kujibu vizuri hupewa magumu zaidi, kwa hiyo hata mwanafunzi hodari hutoka akiamini kwamba ameshindwa. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, muda wote ni saa 5, na kompyuta inaweza kuufunga mtihani pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba mtahiniwa yuko juu au chini ya kiwango cha kufaulu. Wahitimu wenzangu hubishana bila kuchoka juu ya maana ya kufungiwa kwenye swali la 85, kana kwamba idadi hiyo ni ubashiri. Mimi naona mjadala huo unakula muda wa kusoma, maana wapo wanaofungiwa hapo wamefaulu na wapo wanaofungiwa hapo wameanguka.

Mabadiliko ya Aprili 2023 ndiyo yaliyonilazimu kubadili jinsi ninavyosoma. Siku hizi kila mtahiniwa hupewa visa vitatu vya wagonjwa, kila kimoja kikiwa na maswali sita yanayofuatana kama kazi ya wodini inavyofuatana: kutambua dalili zenye uzito, kuzichambua, kupanga yapi yana uwezekano na uharaka zaidi, kubuni hatua, kuzitekeleza, na kutathmini matokeo. Faida mojawapo ni kwamba maswali ya kuchagua majibu mengi hutolewa alama za sehemu, ingawa katika baadhi yake kila chaguo lisilo sahihi hupunguza alama iliyopatikana, na hivyo kuweka alama ya vema kila mahali hakumsaidii mtu.

Kwa sababu hiyo nimepunguza kusoma vitabu kurasa kwa kurasa. Asubuhi, akili ikiwa bado nyepesi, ninajibu maswali machache ya mazoezi, halafu ninatumia muda mrefu zaidi kusoma maelezo ya kila jibu, yakiwemo yale niliyoyapata, kwani jibu sahihi lililofikiwa kwa sababu isiyo sahihi litaniangusha swali likigeuzwa kidogo. Vitu vichache ninavikariri bila mjadala: potasiamu ya damu ya kati ya 3.5 na 5.0 (milimoli kwa lita), dawa za kubatilisha nyingine, yaani protamini salfeti dhidi ya heparini na vitamini K dhidi ya wafarini (zote mbili huzuia damu kuganda), kalsiamu glukoneti dhidi ya sumu ya magnesiamu, na katazo la kusukuma kloridi ya potasiamu moja kwa moja kwenye mshipa. Hivi hakuna namna ya kuvikisia.

Zilizobaki ni dawa za magonjwa ya akili, ambazo nimeziacha mwisho kwa kuwa sizipendi, na nimeanza na lithiamu, inayotumika kutuliza mabadiliko makali ya hisia. Kiwango chake katika damu kwa tiba ya kudumu ni kati ya milimoli 0.6 na 1.2 kwa lita, na dalili za sumu huweza kuanza kikizidi 1.5, lakini swali halitaniuliza tarakimu hizo tupu; litaniletea mgonjwa anayetumia dawa hiyo vizuri kwa miaka, ambaye ameharisha tangu jana, mikono inamtetemeka, na kati yangu na yeye wapo wagonjwa wengine watatu wenye kelele zaidi. Huyo ndiye ninayemsoma wiki hii.